Maji ya Vuguvugu Tu

Kaeni, wapendwa. Kaeni vizuri, na akina mama wa viti vya mbele nawaomba msininunie mpaka nimalize, maana leo naingia chumba ambacho mwanamume haingii. Naingia chumba cha mzazi.

Palikuwa na mama mmoja, mjane, katika mtaa kama huu wetu. Ni mfano, kwa hiyo mkitoka hapa msianze kumtafuta. Mama huyu alikuwa mkandaji. Ninyi vijana mnaochezea simu pale nyuma pengine hamjui: mwanamke akishajifungua, yanachemshwa maji, kinatafutwa kipande cha khanga kuukuu, kinachovywa, kinakamuliwa, na mzazi anakandwa tumbo, kiuno na mgongo ili mwili urudi. Wanasema asipokandwa vizuri tumbo linabaki vilevile. Mimi sijui, sijawahi kuzaa. Chekeni tu, cheko lenyewe halitadumu.

Sasa mkandaji anajulikana kwa kupima maji. Yanatoka jikoni yanatokota, anayachanganya na ya baridi, anatia mkono, anasema bado, anaongeza kidogo, anatia tena, anasema haya. Kipimo ni mkono wake, hakuna kingine. Na mkono wa mama huyu ulisifiwa mtaa mzima. Kaa la moto likidondoka kutoka kwenye jiko, aliliokota kwa vidole na kulirudisha, huku anaendelea kuzungumza na jirani kuhusu bei ya nyanya. Wakambandika jina, Mikono ya Chuma, naye akalipenda. Wewe usingelipenda?

Siku moja alitoka sokoni akafika nyumbani na kandambili moja. Nyingine ilimtoka mguuni njiani, akatembea peku mguu mmoja kwenye kokoto bila kujua, mpaka jirani alipomwambia. Watu walicheka hadi machozi, na yeye alicheka kuliko wote. Naomba muikumbuke hiyo kandambili, tutairudia.

Mama huyu alikuwa na kijana wake wa kiume. Kijana akaoa binti mpole, wa kutoka mbali, asiye na ndugu hata mmoja pale mjini. Binti akajifungua salama, mtoto wa kike. Bibi alicheza uwanjani kama msichana. Akafunga khanga kiunoni, akasema mkwe wangu huyu hakandwi na mtu mwingine.

Siku ya kwanza tu kitambaa kilipogusa tumbo, binti akaruka.

"Mama, yanaunguza!"

"Yanaunguza nini? Mkono wangu si huu hapa?" Akautumbukiza kwenye beseni, akauacha humo, akamwonyesha. "Maji ya vuguvugu tu haya. Ninyi wa siku hizi mnadeka sana."

Wifi yake, dada wa mume, alikuwa amemshika mabega. Akacheka. "Jikaze, wifi. Sote tulikandwa na mkono huu huu, na tuko hai."

Wifi hakusema uongo. Alikandwa kweli na mkono ule, na maji yalikuwa mazuri. Lakini ilikuwa zamani, kabla ya kandambili.

Kisha wakatazama tumbo la binti, jekundu, linang'aa. Na wakasema nini wale wanawake? Wakasema, oneni damu ilivyochangamka! Wakafurahi. Wapendwa, wanawake watu wazima, waliozaa, wenye macho mawili kila mmoja, walitazama ngozi iliyoungua wakaona dawa inafanya kazi.

Binti akalia kesho yake, na kesho kutwa. Halafu akaacha kulia. Akawa anauma pindo la khanga na kutazama ukuta. Mama mkwe akamwambia binti yake, yule wifi, "Unaona? Amezoea."

Amezoea! Mtu ameacha kulia, na sisi tunasema amezoea. Nikifika hapa nashindwa hata kuendelea.

Lakini ngoja, maana bado. Kitovu cha mtoto kilipodondoka, ikafika siku ya kumwogesha kwenye beseni kwa mara ya kwanza, kwa maana kabla ya hapo mama yake alikuwa akimfuta tu kwa kitambaa. Majirani wamekuja, uji unachemka, watu wana furaha. Bibi anachanganya maji. Anatia mkono. "Bado ya baridi," anasema, anaongeza ya moto. Anatia tena. "Haya. Leteni mjukuu wangu."

Binti yuko kwenye mkeka, mtoto kifuani. Hakunyanyuka.

"Mlete, mwanangu."

"Hapana, mama."

Watu wakageuka. Mnajua aibu ile, ya mkwe kumkatalia mama mkwe mbele ya watu. Wifi akamsogelea, akamnong'oneza, "Wifi, unatuaibisha. Mpe mama mtoto."

"Simpi. Maji yanaunguza."

Wakamwita mume wake. Akasimama mlangoni, hakuingia. Kijana wa watu, yuko katikati ya mama yake na mkewe, anatazama sakafu. Akasema maneno ambayo wanaume wengi humu tumeshawahi kuyasema kwa sauti hiyo hiyo: "Sasa wewe, mama amekanda mtaa mzima. Utajua wewe kuliko yeye? Mpe, yaishe."

Na binti, asiyewahi kupandisha sauti katika nyumba ile, akamkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili akasema, "Mpaka mnivunje mikono."

Hapo mama mkwe akakasirika. Akasema, basi, leo mbele ya mashahidi nitamaliza maneno ya maji yanaunguza. Akachuchumaa, akazamisha mkono wa kulia kwenye beseni mpaka kwenye kifundo, akauacha. Akaanza kumsema. Alimsema kwa kudeka, akamsema kwa uvivu, akamsema kwa malezi ya kwao huko alikotoka, na mkono umo majini muda wote huo, hautikisiki. Na wanawake wanatikisa vichwa: ni kweli, tazama, mkono umetulia, huyu binti ana lake jambo.

Alipomaliza akautoa mkono, akauinua juu wauone. Alikuwa anatabasamu.

"Haya, nani ameungua?"

Jirani mmoja akapiga yowe. Wifi akajishika mdomo. Mkono ulikuwa mwekundu kama nyama buchani, na ngozi ya mgongo wa kiganja ilikuwa imejikunja na kuachia, kama utando juu ya maziwa yaliyochemka. Na yule mama bado anatabasamu! Anawatazama mmoja mmoja, hajui wanalia nini. Alijua mkono wake umeungua kwa kuwatazama watu nyuso zao.

Naona mmeshika midomo. Na mimi nilishika wa kwangu nilipouwaza mfano huu, nikakosa usingizi. Fikirini, kama yule binti angekuwa na adabu kidogo zaidi! Kama angetii! Yule mtoto angekuwa wapi sasa hivi?

Wakamkimbiza zahanati. Muuguzi akaufunga mkono, halafu akauliza maswali, akapima sukari, akakuta iko juu mno. Akamwambia, "Mama, vua kandambili, lala, funga macho. Nitakugusa miguuni kwa ncha ya kijiti. Ukisikia, sema."

Mama akalala, akafunga macho. Akangoja, akaona kimya kimezidi. Akasema kwa upole, "Anza basi, mwanangu."

Muuguzi akajibu, "Nimeshamaliza, mama."

Alikuwa amemgusa nyayo zote mbili na vidole vyote.

Sasa sikieni jinsi Mungu alivyotuumba, maana nimewauliza watu wa hospitali na bado nashangaa. Ubongo wako, huo unaojivunia, hauoni kitu. Umefungiwa ndani ya fuvu, kwenye giza totoro, haujawahi kugusa moto wala maji tangu uzaliwe. Ukiguswa wenyewe hata hausikii maumivu. Kila unachojua kuhusu dunia umeletewa habari, na wanaoleta habari ni mishipa ya fahamu, nyuzi nyembamba zinazotoka kwenye ncha za vidole, zinapanda mkononi, zinaingia kwenye uti wa mgongo, zinafika juu. Ukigusa sufuria ya moto mkono unaruka kabla hujasema "aa," kwa sababu uti wa mgongo hausubiri ruhusa. Unautoa mkono kwanza, ndipo ubongo unapata taarifa, ndipo unapiga kelele. Ajabu!

Lakini sukari ilikuwa imeila ile mishipa ya mama, pole pole, kwanza miguuni, ndiyo maana kandambili, kisha vidoleni, ndiyo maana lile kaa la moto tulilolisifu. Na mishipa ikifa, ubongo haupati habari ya kwamba mishipa imekufa. Mara nyingi hakuna kengele. Kumetulia tu. Ubongo unakaa kwenye giza lake na kusema: mkononi hakuna neno, kote salama, ongeza maji ya moto.

Kumbe hakuwa mwongo yule mama. Nawaomba msimchukie. Kila aliposema ni ya vuguvugu alikuwa anasema kweli yake yote. Mwezi baada ya mwezi mkono ulikuwa unakufa na maji yanazidi kuwa ya moto, na hakuna aliyegundua, kwa sababu kilichoharibika ni kipimo chenyewe.

Pale kitandani akautazama mkono wake uliofungwa. Halafu akauliza, "Kwa hiyo wale waliokuwa wakilia?"

Muuguzi hakuelewa. "Wepi, mama?"

"Wale wazazi. Yule wa fundi cherehani. Yule wa nyumba ya kona. Yule aliyehama mtaa bila kuniaga." Akaanza kuwataja kina dada wa watu mmoja baada ya mwingine, na kila akimtaja anakumbuka alichomwambia. Unadeka. Unadeka. Unadeka.

Alirudi nyumbani, mkono umefungwa bandeji. Akaenda moja kwa moja chumbani kwa mkwe wake, akapiga magoti. Mama mkwe kapiga magoti! Akasema, "Mwanangu, fungua khanga nione tumbo lako."

Binti akafungua. Yalikuwa mabaka na vidonda tangu kifuani hadi kiunoni, vingine vimeanza kupona, vingine bado. Ndiyo mara ya kwanza mama yule kuviona kuwa ni vidonda, na kila siku alikuwa akivigusa kwa mkono wake.

Binti akasema, "Nilikuambia, mama."

Akaifunga tena khanga yake.

Sasa, wapendwa, mfano umekwisha na cheko nalo limekwisha. Nataka kuwauliza. Mliposikia habari ya yule mama, mlimwona nani? Kila mtu amemwona jirani yake. Najua, nimewaona mkikonyezana.

Mama huyo ni sisi. Dada anakuja kwetu anasema nyumbani napigwa. Sisi tunatumbukiza mkono wetu: aa, ndoa ndivyo zilivyo, mbona mimi nilivumilia? Mtoto anasema shule naogopa kwenda. Tunatumbukiza mkono: mbona sisi tulisoma hiyo hiyo? Kijana anasema sina hamu ya kuishi, na sisi, sisi tuliookoka, tunamwambia omba sana, unadeka. Halafu siku moja anaacha kusema. Anakaa kwenye kiti chake, anaimba nasi, anauma pindo la khanga. Nasi tunamshukuru Mungu kwamba amezoea.

Tunajiita mwili mmoja. Mwili gani huu, mguu unatoka damu na kichwa kinapiga makofi?

Nimewasikia mkiomba amani kila ibada. Amani, Bwana, utulivu, Bwana. Naogopa! Naogopa utulivu wetu usije ukawa ule wa mkono ndani ya beseni. Mimi leo siombi utulivu. Naomba tuanze kuumia. Bwana, turudishie maumivu, hata kama tutapiga kelele humu ndani mpaka majirani waje kuuliza kuna nini.

Na sijui kama mtu aliyekufa ganzi anaweza kujijua mwenyewe. Yule mama hakujijua. Alijuzwa na mtu mmoja aliyelia, aliyekataa, aliyeonekana hana adabu. Basi ukimwona wa namna hiyo kwako, usiite watu wa kumnyamazisha.

Kabla kwaya haijasimama, geuka umtazame uliyekaa naye. Usimwonyeshe mkono wako. Muulize panapouma, na akikuambia ni moto, mwamini.