Mashine Iliyonguruma Bila Mashudu

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, zamani hizi hizi za simu za kupangusa, palikuwa na mwanamke wa Singida aliyeitwa Siwema. Mama yake alimwachia urithi mmoja tu, mashine ya kukamua alizeti ndani ya banda lake. Alikuwa na mume pia, Mghenyi, mpole, mcheshi, ila akishika simu hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Basi kulikuwa na tovuti ya kamari iliyopigwa marufuku. Serikali iliifunga asubuhi, jioni ikafufuka kwa jina jipya. Ikaifunga tena, ikafufuka tena. Ikaifunga mara ya tatu, ikafufuka imenona! Watu wakasema hilo ni pepo. Mghenyi akacheza humo mpaka akaiweka rehani mashine ya mkewe, kwa siri, na mashine ikaenda. Akainunua tajiri mmoja mgeni, akaizungushia ukuta mrefu pale pale bandani.

Siwema alilia, nisiwafiche. Kisha akafuga kuku, maana machozi hayalishi mtu.

Sasa huko kuna desturi: mashine ikikamua, jirani huja na ndoo akapewa mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, alishe kuku. Hata mchoyo hutoa. Siwema akabisha hodi kwa tajiri. Mlinzi akamjibu, "Mashudu ndiyo nini?"

Akarudi na ndoo tupu, akasimama njiani kusikiliza. Mashine ya mama yake inanguruma, inakohoa kidogo kila ikizunguka, kama alivyoizoea. Lakini gunia haliingii, na harufu ya mafuta hakuna.

"Baba Rukia," akamwambia mumewe, "mashine gani inatafuna kutwa na hainyi?"

Mghenyi akaacha kula. "Mama Rukia, juzi niliwapigia wale wa kamari kulalamika. Nyuma ya sauti ya mhudumu kulikuwa na ngurumo inayokohoa."

Wakaenda kwa afisa wa serikali. Afisa akasema, "Ngurumo si ushahidi. Nileteeni mchezaji aape kwa jina lake. Na ajue kwamba kucheza humo nako ni kosa, atafungwa."

Wachezaji wa mji mzima wakainamisha vichwa. Mghenyi akanyoosha mkono. Akasimama mnadani, mbele ya wakwe na wauza mbuzi, akasema, "Mimi ndiye niliyeila mashine ya mama mkwe wangu." Siwema akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

Serikali ikaja na askari wake. Tajiri, kuona hivyo, akamwaga petroli akawasha moto ili ushahidi uteketee. Lakini mle ndani alikuwamo fundi wake, Kilewo, mtu wa Moshi, ambaye kila asubuhi aliiwasha ile mashine ili ngurumo yake ifunike kelele za feni za kupoza mitambo ya kamari. Kilewo akaupiga ule moto kwa mikono mitupu. Mlango ulipovunjwa walimkuta amepiga magoti, viganja vimeungua, anawaambia askari, "Zote zipo. Zote zipo."

Siwema akaingia nyuma ya askari. Subhanallah! Pale mama yake alipopanga madumu zilisimama rafu za simu, sakafu hadi dari, zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima. Na kila iliyowaka, mtu mahali fulani alikuwa anatupa karo ya mwanawe, au mahari, au shamba. Katikati ya taa zile mashine ya mama inazunguka tupu.

"Imeliwa," akanong'ona, "kisha ikafanywa tumbo la aliyeila."

Askari akakata umeme. Taa zote zikazimika kwa pamoja, na kimya kilichoingia kiliwafanya hata askari wavue kofia.

Kesi ikaisha. Tajiri akafungwa. Mghenyi naye akafungwa, akatumikia, akatoka. Hakimu akasema, "Mashine nitampa aliyeiangusha tovuti ile. Mtu mmoja tu. Nikiigawa, nitawapa chuma chakavu."

Siwema akasema, "Mheshimiwa, ni ya mama yangu. Na bila sikio langu, mngeifunga na ingefufuka hadi leo."

Kilewo akasema, "Bila viganja vyangu mngekuta majivu. Mikono hii haishiki tena spana, Mheshimiwa. Fundi asiye na mikono ataishi kwa nini?"

Mghenyi akasema, "Bila jina langu mlango usingevunjwa. Nipeni mimi, niishike kidogo tu, nimkabidhi mke wangu kwa mkono huu huu ulioichukua. Akiipokea kwa mwingine, nitabaki mwizi ndani ya nyumba yangu mpaka kufa."

Hakimu akamgeukia Siwema. "Mama, nikimpa mumeo, unaamini atakupa?"

Siwema akamtazama Mghenyi, akavitazama viganja vya Kilewo. Kisha akainamisha kichwa.

Basi hakimu akauweka ufunguo wa mashine mezani, na uko hapo mpaka sasa, wenzangu, na alizeti imekwisha kuvunwa. Mimi ningekuwa hakimu ningetorokea dirishani. Ninyi mlioketi hapo na midomo yenu mirefu, semeni: je, nani alistahili?