Utepe Uliokunjwa Kama Sambusa

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sisemi zamani ya fisi kumposa sungura. Nasema zamani ya juzijuzi, simu za mkononi zimeshaingia, ila treni ya abiria ilikuwa haisimami tena Mombo. Hapo Mombo, chini ya milima ya Usambara, aliishi mzee jina lake Shemhando. Kazi yake ya ujana ilikuwa kupunga bendera stesheni. Akipunga nyekundu, treni inasimama. Akipunga ya kijani, treni inaondoka. Watu wakapanda, wakaenda Tanga, wakaenda Moshi, wakaenda zao. Yeye akabaki palepale, bendera kwapani.

Alipostaafu akashikwa na ugonjwa wa medali. Si medali zozote, msije mkamkosea heshima. Alikusanya medali za vyama vya askari wastaafu wa Austria. Ilianza na moja aliyoiokota kando ya reli, akauliza ni ya nani, akajibiwa kwenye simu na watu wa mbali, wa huko Austria, akanogewa. Tangu hapo wakawa wanabadilishana medali, yeye na hao wa mbali, na bati lake la biskuti likajaa. Watu wa Mombo wakamwita Mzee Vibati. Hakujali. Ukikosea tu ukakaa kwenye benchi lake, umekwisha, utafundishwa.

"Hizi si za ushujaa," alikuwa akisema. "Huko kwao, askari wakitoka vitani, kila kijiji kinaunda chama. Wanasaidiana, wanazikana, na wana bendera yao. Siku bendera inapobarikiwa, kila aliyefika anavalishwa medali. Umekuja, umeimba, umekula, basi, umepata."

"Hata mimi ningepata," akasema siku moja rafiki yake Fundi Mahimbo, mshona nguo wa pale sokoni.

"Wewe kwa upande wa kula ungepata mbili."

Kila alasiri walikuwa wanakunywa kahawa watatu: Shemhando, Fundi Mahimbo, na jirani yao Bi Zawena, mjane mwenye shamba la mapeasi huko juu Lushoto na mdomo usiolala. Kikombe kwa kashata, kashata kwa utani. Shemhando hakuwa na ndugu mwingine pale mjini, na hao wawili walimtosha.

Sasa, Bi Zawena akaoza mjukuu. Siku ya harusi akatokea amebandika kifuani medali. Naam, medali, juu ya gauni jipya la zambarau. Ilikuwa ya marehemu mama yake, aliyeikuta ndani ya kabati la zamani la fundi seremala mmoja wa misheni, Mzungu aliyeondoka asirudi. Shemhando akaacha pilau, akasogea. Akaona mikono miwili imeshikana, juu yake bendera, na katika bendera mti mdogo wenye matunda. Maandishi ya ukingoni yamefutika. Utepe umening'inia umenyooka.

Akatikisa kichwa. "Hii ni ya Kijerumani, dada. Utepe wa Kijerumani ndio unaoning'inia hivi. Ni ya kawaida, ziko tele."

Alilisema hilo mbele ya wakwe. Bi Zawena akaibandua medali, akaitia mkobani, na kwa wiki nzima hakuja kunywa kahawa. Shemhando akaanza kuiona kahawa chungu kweli.

Alipokubali kurudi, Fundi Mahimbo akataka kuwapatanisha. Akamwambia Shemhando, "Mwenzio alijiandaa kwa harusi ile, usimwone hivyo. Hata huo utepe aliniletea mimi. Ulikuwa umekunjwakunjwa kama sambusa, aibu tupu. Nikaupiga pasi ya mkaa mpaka ukanyooka."

Shemhando akaweka kikombe chini. "Umekunjwa kama nini?"

"Sambusa. Pembe tatu."

"Fundi, umeniua," akasema Shemhando huku akicheka. "Pembe tatu ni Austria. Waaustria ndio wanaokunja utepe pembe tatu. Dada, iko wapi hiyo medali?"

Ikaletwa. Akaugeuza utepe kwenye mwanga wa jua, akaona alama za mikunjo ya zamani ambazo pasi ilishindwa kuzimaliza, na sehemu iliyokuwa imefichwa ndani bado ina kijani kibichi. Akaukunja taratibu kufuata alama zile. Kona ya kwanza, kona ya pili, kona ya tatu. Medali ikakaa kama ilivyotakiwa kukaa. Bi Zawena akaitazama, akasema kumbe mama yake hakuwa na takataka kabatini.

Shemhando akapiga picha, akawatumia wale wa mbali. Jibu likaja kwa sauti ya mama mmoja, Bi Hedwiga, aliyewahi kufundisha ushonaji Lushoto enzi za usichana wake na Kiswahili hakikumtoka. Alikuwa analia na kucheka.

"Huo mti ni mpeasi," akasema. "Upo mpaka leo nyuma ya kanisa letu. Hiyo ni medali ya chama cha kijiji chetu. Bendera yetu ya kwanza iliungua, medali zote zikapotea, na hakuna aliyekumbuka bendera ilikuwaje. Sasa tutashona nyingine kwa kuifuata hiyo."

Bi Zawena akasema wachukue, irudi kwao, mama yake angefurahi. Hapo ndipo Bi Hedwiga alipoleta neno lililowavuruga. Bendera ya chama, akasema, huwa na mlezi. Mlezi ndiye anayeifunga utepe siku ya baraka, ndiye anayetangulia mbele ya tarumbeta, ndiye anayevalishwa medali ya kwanza. Awe mwanamke, awe mwanamume, sawa tu. "Na tunataka mlezi atoke kwenu, yule aliyeirudisha medali yetu. Tiketi tutatuma sisi. Lakini mlezi ni mmoja. Bendera haina walezi wawili. Kesho alasiri nitapiga simu mniambie jina."

Shemhando aliitaka safari ile kwelikweli. Mtu aliyewapungia wenzake bendera maisha yake yote, leo aambiwe kuna bendera inamngoja yeye. Alikwenda nyumbani, akapiga kiwi viatu vyake vya stesheni, kisha akaona aibu, akavisukuma uvunguni.

Kesho yake wakakaa watatu, na kashata haikuguswa.

Bi Zawena akaanza. "Nani aliitunza? Mimi. Wanangu walitaka kuwapa wanunuzi wa vyuma chakavu, nikagoma. Kama isingekuwa kwangu mngetambua nini, hewa?"

"Na nani aliisugua kwa limau na majivu mpaka jina la kijiji likafutika?" akauliza Fundi Mahimbo.

"Mimi. Ilikuwa chafu."

Fundi Mahimbo akafuata. "Nani aliyeleta habari ya sambusa? Mimi. Ningenyamaza, mpaka leo ingekuwa medali ya Mjerumani."

"Na nani aliyeinyoosha hiyo sambusa?" akauliza Shemhando.

"Mimi. Lakini angalau nilisema."

Ikawa zamu ya Shemhando. "Nani aliyeitambua? Mimi. Sambusa mnazijua wote, mnazila kila siku. Nani kati yenu angejua kuwa ile ni Austria?"

"Na nani aliyeniambia mbele ya wakwe zangu kwamba ziko tele?" akauliza Bi Zawena.

"Mimi," akasema Shemhando, na sauti ikashuka. "Kwa hilo nisamehe, dada. Sikuangalia vizuri."

Mwishowe Fundi Mahimbo akasema wapige kura. Kila mtu punje moja ya buni, vikombe vitatu, kila kikombe na mwenyewe. Unatia punje yako kwenye kikombe cha unayemwona anastahili, wenzako wamegeuka. Wakatia. Wakafunua. Kila kikombe kina punje moja.

Kila mmoja alijua alichofanya, na kila mmoja akaanza kutazama sisimizi chini. Kisha Bi Zawena akaangua kicheko, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Wazee wazima, haya ndiyo tuliyofikia. Turudie, na safari hii tuwe na haya."

Shemhando aliishika punje yake kitambo kirefu. Akaifikiria reli. Akawafikiria hawa wawili, na wiki ile aliyokunywa kahawa bila Bi Zawena. Kisha akaitia kwenye kikombe kisichokuwa chake. Ilimuuma, msidhani haikumuuma, lakini alipogeuka moyo wake ulikuwa mwepesi.

Wakafunua. Kila kikombe kina punje moja.

Wakatazamana. Safari hii hakuna aliyeangalia chini. Fundi Mahimbo akasukuma sahani ya kashata katikati, na wakala zote. Wangali wanatafuna, simu ikalia.

"Haloo, Mombo," akasema Bi Hedwiga. "Bendera iko kwa mshonaji. Mlezi ni nani? Nitajieni jina nimpelekee mshonaji alitarizi."

Bi Zawena akamnyooshea kidole Fundi. Fundi akamnyooshea kidole Shemhando. Na Shemhando, simu mkononi, kidole chake kilikuwa kinamwelekea Bi Zawena. Mama wa watu anangoja, na mwenye simu ndiye wa kusema.

Haya, mimi kahawa yangu imepoa, na nyinyi mmekaa mnanisikiliza kama mliolipwa. Mmoja aliitunza akaifuta jina. Mmoja aliunyoosha utepe akaiokoa medali kwa kusema. Mmoja aliitambua baada ya kuikana mbele ya watu. Shemhando anafungua mdomo sasa hivi. Mnong'onezeni: ataje jina gani? Je, nani alistahili kutangulia mbele ya tarumbeta?