Sauti Iliyofutwa Mbele ya Nyumba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Asikiaye kabla ulimi haujatamka, Ahifadhiye asisahau. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, mwaminifu ambaye hata waliomchukia waliweka amana zao kwake, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu. Njia hii ya kufundisha kwa mfano niliipokea kwa Maalim Faki bin Shaame, aliyetusomesha Micheweni, naye aliipokea kwa ami yake. Mungu awarehemu wote wawili. Mfano wenyewe ni wa kutunga, basi msimtafute mwenyewe mitaani. Nakuombeni utulivu. Pa kuchekea patakuwapo, lakini mfano hautaishia kwenye kicheko.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyefiwa na wazazi wake angali mdogo, akalelewa na shangazi yake. Alipokuwa mtu mzima, Mola akamjaalia safari ya Umra. Mnaijua ada yetu: msafiri wa Makka haondoki peke yake, huondoka na dua za watu. Huyu anamwagiza amtajie jina, yule anamwagiza salamu za kufikisha Madina. Shangazi alikuwa ajuza, magoti yameshamkatalia hata kwenda msikitini. Naye alikuwa na agizo lake.

Akamwambia, "Mwanangu, nina dua moja nataka uniombee mbele ya Nyumba, mbele ya Al-Kaaba. Lakini ina maneno yake, na maneno yenyewe yana haya. Siwezi kuyasema nikikutazama."

"Shangazi, mimi wa kunionea haya mimi?"

"Wewe hasa. Nimesikia simu hizi zinashika sauti. Nitegee, uniache peke yangu. Na uniahidi hutasikiliza mpaka uione Nyumba kwa macho yako."

Akamwahidi. Akaitega simu, akatoka. Bibi akajifungia chumbani, na akakawia humo kwa muda mrefu kuliko unavyodhaniwa urefu wa dua. Alipotoka alimrudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu anavyokabidhi mtoto mchanga.

Sasa, bwana huyu alikuwa na hofu moja kubwa: kupoteza picha. Alikwisha kusikia habari za wasafiri walioibiwa simu ugenini, na wengine walioziangusha majini, wakarudi makwao mikono mitupu. Yeye akajipanga. Kila jioni hotelini aliketi kitandani akizinakili picha za siku ile: mara ya kwanza kwenye kompyuta, mara ya pili kwenye flashi aliyoivaa shingoni kama hirizi, mara ya tatu kwenye ghala la mtandaoni. Na baada ya yote hayo hakuzifuta simuni, maana alisema, je, vyote vitatu vikiharibika?

Mwenzake wa chumbani alimtazama, akashindwa kujizuia. "Bwana wee, mabegani mwako wamekaa malaika wawili waandishi, hawalali wala hawakosei. Hawakutoshi?"

Akajibu bila kuinua uso, "Hao hawanipi nakala."

Mwenzake akacheka mpaka akakohoa. "Nakala utapewa Siku ya Kiyama, usiwe na haraka. Omba tu uipokee kwa mkono wa kulia."

Nanyi mmecheka. Haya, tuendelee.

Ikafika saa ambayo kila Mwislamu huililia. Akaingia Msikiti Mtukufu, na Nyumba ikamdhihirikia. Watu walio kando yake wameinua mikono, machozi yanawatiririka. Yeye naye akainua mkono, na mkononi mna simu. Simu ikamwambia: nafasi imejaa.

Ndugu zangu, katika simu ile zilikuwamo picha za chakula cha ndegeni. Zilikuwamo picha za lifti ya hoteli. Zote zimekwisha kunakiliwa mara tatu, angeweza kufuta mia asipungukiwe na kitu. Akaona uchungu. Akatafuta kitu kisicho picha, akaiona sauti ya shangazi yake, ndefu, nzito. Na sauti ile haikuwa na nakala popote, kwa kuwa alichokuwa akikinakili kila jioni ni picha tu.

Akaiambia nafsi yake, "Bibi kizee anataka nini zaidi ya afya na pepo? Nitamwombea hivyo hivyo."

Akaifuta. Simu ikamwambia bado haijatosha, akaingia na kule ambako vilivyofutwa hungoja kwanza, akaisafisha na huko. Kisha akapiga picha zake, nzuri sana. Akamwombea shangazi yake afya na pepo.

Akarudi kwao. Nyumba ikajaa watu, tende zikagawiwa, maji ya Zamzam yakanyweka, simu ikazunguka mkono kwa mkono kila mtu akisema mashaallah. Wageni walipoondoka, shangazi akamwita chumbani kwake.

"Uliisikiliza?"

"Niliisikiliza, Shangazi."

"Mbele ya Nyumba?"

"Mbele ya Nyumba."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Bibi akakunjakunja pindo la kanga yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na hukunichukia?"

Hapo ndipo alipotambua kwamba yale hayakuwa maneno ya magoti wala ya afya. Mlango ulikuwa bado wazi. Neno moja tu lilitakiwa: nisamehe, nimeifuta. Alisema nini? Alisema, "Nitakuchukiaje, Shangazi yangu?"

"Na yule niliyemdhulumu, utamwendea? Utamrudishia haki yake kama nilivyokuagiza?"

"Nitamwendea."

"Sema wallahi."

"Wallahi, nitamwendea."

Bibi akashusha pumzi, mabega yakamlegea. "Alhamdulillahi. Nimelibeba tangu hujajua kusema. Sasa limetoka shingoni mwangu, liko shingoni mwako. Usinitake nilitaje tena, mwanangu. Kulisema mara moja kulitaka kuniua."

Asubuhi yake yule bwana akaibeba simu kwa fundi. Fundi akaihangaikia, kisha akamwambia, "Kaka, ungeiacha kama ilivyokuwa baada ya kufuta, pengine tungeokoa kitu. Lakini ulipiga picha papo hapo. Zimekaa mahali pake."

Akaenda kwa fundi wa pili. Akasafiri mpaka mjini kwa fundi wa tatu. Nami nakuulizeni, enyi mnaonisikiliza: sauti ile ilikuwa imepotea kweli? Aliyeisema yu hai! Yuko chumba cha pili, anakunywa uji, akili yake timamu, kila neno la agizo lile liko kifuani mwake. Mtu huyu aliyeogopa kupotelewa na picha ya lifti, asili ya kitu anachokitafuta iko hatua chache na kitanda chake, naye anapanda gari kwenda mjini! Kwa nini? Kwa sababu kwa fundi alipeleka simu. Kwa shangazi ingembidi apeleke uso.

Akiwa kwa yule fundi wa mjini akapigiwa: rudi, shangazi yako ametutoka.

Akaoshwa, akakafiniwa, akaletwa mbele ya watu. Na ada yetu mnaijua: kabla ya maiti kusaliwa, mwenye maiti husimama. Akasimama yeye, kwa kuwa marehemu hakuwa na mwingine. Akasema kama isemwavyo, "Mwenye haki yoyote juu ya marehemu, na aje kwangu. Iko shingoni mwangu."

Akanyanyua macho akazitazama nyuso, safu kwa safu. Huyu? Yule pale? Au ni mtu wa kijiji kingine? Au ni mimi mwenyewe niliyesimama hapa, na ndiyo maana aliniuliza kama nimemchukia? Hakujua. Na mwenye haki, kama alikuwamo safuni, hakujua kwamba ana haki. Hakuna aliyekuja. Imamu akatoa takbira, jeneza likaondoka.

Picha zipo mpaka leo. Haikupotea hata moja.

Ndugu zangu, msitoke hapa mkasema Sheikh kaharamisha simu. Picha hazikumhukumu mtu huyu, wala kufuta hakukumhukumu. Binadamu hukosea kwa kidole kama anavyokosea kwa ulimi. Kilichomwangamiza ni zile siku baada ya kurejea, ambazo uwongo ungeweza kuvunjwa kwa sentensi moja, naye akaona bora ateme haki ya mtu kuliko ameze fedheha. Na sisi je? Ni nani kati yetu hana mzee aliyempa agizo, naye akaitika "nimesikia" hali moyo uko kwingine? Ni amana ngapi tumezidondosha njiani, kisha tukaapa kwamba tumezifikisha? Sisi tunatunza kivuli cha kila tulichokiona, na neno tulilokabidhiwa hatulitunzi. Tena tunajidanganya kwamba muda upo. Kuna mtu kwenu, leo hii, bado anapumua, anaamini kwamba ulimsikiliza. Nenda ukamwambie hukumsikiliza. Ataghadhibika, atalia, pengine atakufukuza. Kisha atakwambia tena. Akishalazwa kiblani, hana la kukwambia, na uliloliapia litakungoja pale ambapo hakuna fundi.

Mwenyezi Mungu azifungue shingo zenu, nyinyi mliokaa mkanisikiliza, kwa kila amana mliyopokea. Awape ujasiri wa kukiri wenye haki wangali hai, na siku mtakapopewa nakala zenu, azitie katika mikono yenu ya kulia. Amina.