Binti Aliyepewa Nusu Saa ya Kunyamaza

Kaeni, wapendwa, kaeni. Na nyie mliosimama karibu na mlango mkidhani mahubiri yakirefuka mtapata pa kuchomokea, nimewaona. Sogeeni mbele. Leo nina mfano, nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msianze kunong'onezana huyu ni mtoto wa nani.

Kulikuwa na binti mmoja anasoma saikolojia chuo kikuu. Shahada ya kwanza, mwaka wa tatu, mwaka wa mwisho. Na mnajua sisi huku mtu akitwambia anasoma saikolojia tunafanyaje. "Haya, niambie nawaza nini!" Wajomba walimuuliza hivyo, shangazi wakamuuliza, hata muuza chipsi alimuuliza. Jirani yao mmoja alimletea vijana watatu, kawapanga mstari, awaangalie amwambie yupi kaiba kuku. Jamani! Binti anaeleza kwamba saikolojia ni elimu ya namna mtu anavyofikiri, anavyohisi na anavyotenda, haina ramli ndani yake. Nani anamsikia? "Mtazame huyo wa katikati," anaambiwa, "ona anavyopepesa macho!"

Kichwani binti alikuwa vizuri. Nadharia zote anazo. Zile takwimu zilizowatoa wenzake jasho, yeye anazifanya huku anatafuna karanga. Tatizo lake lilikuwa moja tu, mdomo. Alizaliwa katika nyumba ya waongeaji. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi, kisha akastaafu. Mama yake ni mwenyekiti wa umoja wa kina mama. Ndani ya nyumba ile ukitaka kusema neno usingoje mwenzako amalize, maana hamalizi. Mama Kiondo, mbona unacheka? Nimekutaja?

Basi likafika somo la mwisho, ushauri nasaha kwa vitendo. Mtihani wake ulikuwa hivi: unakaa na mtu nusu saa, anakueleza lililo moyoni mwake. Mwenyewe anasaini fomu kwamba ameridhia kurekodiwa, kisha unampelekea mhadhiri asikilize. Na sharti ni moja. Usimshauri.

Wanafunzi wakashangaa. Mmoja akauliza, "Madam, ushauri nasaha bila kushauri?"

Mhadhiri alikuwa mama mwembamba, mpole wa sauti, mkali wa kalamu. Akasema, "Ushauri wanao tele majumbani kwao. Kasikilizeni kwanza."

Kila mwanafunzi alipewa nafasi tatu. Ukishindwa zote, wenzako wanavaa majoho Novemba, wewe unarudia mwaka.

Mara ya kwanza binti alikaa na mwenzake wa chumbani, aliyekuwa analia kwa sababu mchumba wake amekuwa mzito kujibu simu. Mhadhiri alisikiliza, akarudisha karatasi imejaa wino mwekundu. Katika dakika nne za mwanzo binti alikuwa ametoa ushauri mara saba, amesoma na mstari wa Biblia, na amependekeza mchumba mwingine. Mara ya pili alikaa na mpishi wa kantini, akaapa safari hii hatashauri. Kweli, hakushauri. Aliuliza. "Lini? Wapi? Na wewe ukasemaje? Na yeye akasemaje?" Mhadhiri akaandika chini: "Huyu mpishi ulikuwa unamsikiliza au unamwandikia maelezo polisi?"

Ikabaki nafasi moja. Mnaelewa hapo? Miaka mitatu ya kusoma ilikuwa imening'inia kwenye nusu saa moja.

Wikiendi ile binti akarudi nyumbani, maana kulikuwa na mashindano ya kwaya ya jimbo na yeye ni sauti ya kwanza. Aliimba, wapendwa. Aliimba asubuhi, akaimba mchana, akaimba nyimbo za wenzake pia akiwa amekaa kwenye benchi. Kikombe wakachukua. Jumapili asubuhi akafungua mdomo amwamkie mama yake, haikutoka hata "shi" ya shikamoo. Sauti imekauka kabisa! Mganga wa zahanati akamwambia asijaribu hata kunong'ona, siku nne.

Akakaa sebuleni na simu yake na ile fomu, machozi yanamlenga. Anatakiwa kuikabidhi kazi Jumatatu. Baba yake akaingia.

Huyu baba hakuipenda saikolojia tangu mwanzo. Alitaka binti asomee famasi. Walikuwa wamebishana miaka mitatu, kila likizo, na hakuna aliyewahi kufika mwisho wa hoja yake. Alipoiona ile fomu akaichukua, akaisoma kwa miwani, akacheka.

"Hiki ndicho wanachowafundisha? Kunirekodi? Weka! Tena weka karibu. Nataka huyo mwalimu wako anisikie vizuri."

Akasaini kwa mbwembwe zote za mwalimu mkuu. Binti akabonyeza kitufe.

Baba akashusha. Dakika kumi alizungumza kuhusu kozi zisizo na kichwa wala miguu. Kila akifika mahali ambapo siku zote binti humkatiza, anasimama, anamtazama, anangoja ubishi wake. Ubishi hauji. Binti anamwangalia tu kwa macho yale ya mtu asiye na sauti. Baba anaendelea. Dakika ya kumi na moja maneno yakamwishia. Pakawa kimya. Na kimya kile, kwa kuwa hakikuwa na mtu wa kukijaza, kikamtoa baba neno ambalo hata yeye hakulitarajia.

"Unajua, mama," akasema taratibu, maana ndivyo alivyomwita binti yake tangu mdogo, "miaka thelathini na minane nikisema 'kaeni', watu mia saba wanakaa. Sasa hivi nikisema 'kaeni', anayekaa ni paka." Akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. "Asubuhi naamka, navaa tai. Nikishaifunga ndipo nakumbuka sina pa kwenda. Naivua haraka mama yako asije akaniona. Sijui mimi ni nani nisipokuwa mwalimu. Naogopa, mwanangu."

Wapendwa, mtu huyu alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa ameongea maisha yake yote, na lile neno moja lilikuwa halijawahi kupata nafasi ya kupita.

Nusu saa ilipoisha alijipangusa uso, akainuka, akasema, "Ajabu. Nimepata usingizi." Akaenda kulala mchana kweupe, akakoroma mpaka mama akaja kuuliza kuna nini.

Jumatatu binti akakabidhi kazi. Alhamisi asubuhi akaitwa ofisini. Sauti ilikuwa imerudi, nyembamba nyembamba. Mhadhiri alikuwa anatabasamu.

"Hii ni kazi bora kuliko zote nilizosikia mwaka huu. Umefanyaje?"

Ungekuwa wewe ungemjibuje? Si ungesema "nashukuru, Madam, nimejitahidi", ukachukua maksi zako ukaondoka? Nani angejua? Binti akasita. Kisha akasema, "Madam, sitakudanganya. Sikuwa na sauti. Ningekuwa nayo ningemkatiza dakika ya kwanza."

Mhadhiri akacheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza kucheka akachukua kalamu, akazifuta zile maksi.

"Basi hukusikiliza, binti. Uliumwa koo. Aliyezuiwa kusema hajanyamaza. Nakusifu kwa ukweli wako na nakupa mpaka kesho jioni. Nusu saa nyingine. Na safari hii nenda na sauti yako yote."

Maskini binti! Akatoka pale. Anapita mbele ya maktaba akijilaumu kwa nini amesema kweli, akamwona mzee mmoja amekaa kwenye benchi na mfuko wa maparachichi magotini. Ni baba yake. Katoka nyumbani alfajiri, hakumuaga mtu zaidi ya mkewe.

"Shikamoo, baba! Kuna nini? Mama mzima?"

"Marahaba. Mama yako mzima, hayo maparachichi katoa yeye. Nimekuja kwa sababu Jumapili sikumaliza. Nina jingine. Hiyo fomu yako unayo?"

Anayo. Baba akasaini tena, safari hii bila mbwembwe. Akatazama viatu vyake.

"Kule kanisani," akasema, "nimewaambia watu wewe unasomea famasi."

Hee! Binti akahisi damu inampanda kichwani. Miaka mitatu! Ndiyo maana kila likizo kina mama wanamvuta pembeni wanamwonyesha magoti yaliyovimba! Ndiyo maana mama mmoja alimtolea ulimi mlangoni mwa kanisa, yeye akadhani amemkosea! Na sauti sasa anayo. Maneno anayo, tena amebarikiwa maneno kuliko binti yeyote wa mtaa ule. Haki anayo pia. Mdomo ukafunguka.

Ukafungwa. Koo lake lilikuwa zima siku ile, wapendwa. Aliufunga mwenyewe. Aliubana mdomo mpaka kidevu kikatetemeka, akamwangalia baba yake, akangoja.

Baba akasema, "Nilikuonea aibu."

Hapo ndipo wengi wetu tungesimama, tungechukua maparachichi yetu, tungeondoka tukilia. Binti akakaa. Alikuwa anaumia na alikuwa amekaa. Dakika nzima ikapita, wanafunzi wanapita na vitabu vyao, na baba akaendelea.

"Nilikuonea aibu, halafu Jumapili ukanikalia kimya, nikalala kama mtoto. Nimemeza vidonge vya usingizi tangu nistaafu, havikunisaidia. Kumbe tabibu ninaye nyumbani, nami namficha. Nisamehe, mama. Jumapili hii nasimama mwenyewe mbele za watu."

Angemjibu pale kwenye "aibu", angeshinda ubishi. Alikuwa na haki zote za kushinda. Na sentensi ya pili asingeisikia mpaka leo.

Nusu saa ikaisha, simu ikazimwa, ndipo binti akaongea! Akaongea, akalia, akacheka, akamfokea baba yake kidogo, maana na hilo alistahili. Wakakata parachichi kwa funguo za bweni, wakala pale pale benchini. Mhadhiri alisikiliza ile kazi Ijumaa, hakuweka wino mwekundu hata tone. Na Jumapili, wakati wa matangazo, yule baba alisimama amevaa tai yake, akasema, "Ndugu zangu, niliwadanganya. Binti yangu hasomei dawa. Wenye magoti nendeni zahanati. Wenye mioyo mizito, anahitimu Novemba." Vigelegele vilipigwa kanisa zima, na yule mama wa ulimi ndiye aliyepiga vya kwanza.

Sasa niwageukie, msiinuke.

Mnadhani nataka kusema tusikilizane majumbani. Ndiyo, nataka. Mzee Shekalaghe, leo ukifika nyumbani mama akianza kusema, weka redio chini. Hata sisi wachungaji tumezidi, mtu analeta kilio tunampa aya kabla hajafika katikati. Tutubu, na mimi nianze.

Lakini kuna jingine zuri zaidi. Wiki hii watu watatu wa usharika huu wamenifuata, kila mmoja kwa siku yake, wakaniambia neno lile lile: "Mchungaji, naomba, na Mungu amenyamaza." Mmoja alilia. Nikamwelewa, maana nami nimewahi kulia hivyo. Nikaenda nalo nyumbani, nikalala nalo, ndipo nikautunga mfano huu.

Tunaposema Mungu amenyamaza, tunamdhania nini? Tunamdhania amepoteza sauti? Sanamu ndiyo isiyo na sauti. Unaweza kuililia mwaka mzima, haijakunyamazia, haina la kusema tu. Mungu wetu ndiye aliyesema iwe nuru, ikawa nuru! Maneno anayo. Haki ya kutukatiza anayo, tena angekuwa sisi angetukatiza kwenye neno la kwanza, maana anajua uongo wetu wote, na famasi zetu zote tulizotangaza. Mwenye sauti kama ile akinyamaza mbele yako, ndugu yangu, amependa kunyamaza. Amekaa. Anakuangalia. Umemwambia lile la juu, lile la kubisha na kulalamika, ukaona kimya, ukasema "haya, amina", ukaondoka. Na lile la chini yake umeondoka nalo.

Furahini basi! Furahini, nasema, mliokuwa mnalia kwa sababu ya kimya! Hakuna mfalme anayemngoja mtumishi wake amalize kusema. Wetu anangoja.

Kwa hiyo leo sitaongoza maombi. Tupige magoti, kila mtu na lake, na mzee wa zamu asigonge kengele mpaka nimwambie. Ukifika mahali maneno yanakuishia, usiseme amina. Kaa hapo hapo. Hajamaliza kukusikiliza.