Sauti ya Daktari Lugano

Hapo zamani, na si zamani ile ya mazimwi yenye mikia, ni hii ya karibu ambayo wanaotisha huvaa makoti meupe, palikuwa na chuo cha udaktari chenye hospitali yake, na mkuu wa idara ya upasuaji alikuwa Profesa Sekiete. Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitauliza swali, na atakayekuwa amesinzia nitamtaja kwa jina.

Profesa Sekiete aliogopwa. Akikohoa ukumbini, wanafunzi walisimama. Akinyamaza, ilikuwa mbaya zaidi. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwaka aliwasimamisha wahadhiri wapya mbele yake, mmoja mmoja, akawauliza, "Daktari, njia yako ni ipi?" Maana mwalimu wa udaktari hutakiwa atibu, afundishe na atafiti, na mzee alitaka kila mtu achague moja ya kumpandisha cheo. Ukijibu kwamba unazitaka zote, alicheka kidogo. "Njia mbili zilimshinda fisi. Wewe tatu utaziweza?"

Mwaka huo walikuwa watatu, wote katika kipindi cha majaribio. Tumsifu alisema, "Njia yangu ni kisu, Profesa." Zamda alisema, "Njia yangu ni utafiti, Profesa." Lugano alisema, "Njia yangu ni kufundisha, Profesa." Na Lugano alikuwa na sauti hasa. Akifundisha bila kipaza sauti, hata wapishi wa kantini waliegemea dirishani wakasikiliza habari za figo.

Nafasi ya kudumu ilikuwa moja. Atakayesemewa vizuri na Profesa ndiye angethibitishwa, na wawili wangefungasha virago. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Basi wote watatu wakainama.

Tumsifu alimsaidia mzee kwenye meza ya upasuaji, akaona vidole vyake vinapapasa. Fundo likilegea, Tumsifu alilikaza kimyakimya mzee akigeuka. Mshipa ukivuja, aliushika yeye. Kusema aliogopa. Akajiambia, "Nikithibitishwa, nitasema."

Zamda aliitwa ofisini, mlango ukafungwa. "Mwanangu," mzee akasema, "jicho langu la kushoto limekufa, na la kulia linalifuata. Sikuambii kama mhadhiri. Nakuambia kama daktari wangu. Umenisikia?" Zamda alimsikia. Siri ya mgonjwa daktari haitoi, ndivyo alivyoapa. Lakini tusifichane, aliogopa pia. Akajiambia, "Nikithibitishwa, nitasema."

Lugano yeye alikuwa darasani, mwanafunzi mmoja akainua mkono. "Mwalimu, mbona Profesa hakati pale ulipotufundisha?" Lugano akageukia ubao. "Kaa chini," akasema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mwanafunzi akakaa, wala hakuuliza swali tena mpaka akamaliza chuo. Na Lugano akajiambia nini? Haya, semeni wenyewe, mnajua.

Siku moja Lugano anavaa shati, kifungo cha shingoni kikagoma kufunga. Akajipapasa, akakuta uvimbe. Vipimo vikasema ni rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, tena linakua, likatwe. Na idara ile ilikuwa na mila yake: wa kwetu hakatwi na mkono wa nje, mkuu wa idara humkata mwenyewe. Ilikuwa heshima. Kuikataa ni kumwambia mzee kwamba mkono wake huuamini. Na nyuma ya tezi hiyo ya shingo, kila daktari anajua, unapita uzi mweupe mwembamba unaoendesha sauti. Uzi huo ukikatwa mtu anaishi, anakula, anatembea, ila sauti imekwenda.

Lugano akashikwa na hofu, akamwendea mwenzake.

"Tumsifu, ndugu yangu, wewe ndiye unayesimama naye. Mkono wa mzee ukoje?"

Tumsifu akatazama viatu vyake. "Nitakuwa pale pale mbele yake. Usiwe na wasiwasi."

"Sikukuuliza utakuwa wapi."

"Usiwe na wasiwasi, Lugano."

Akaenda kwa mwingine. "Dada Zamda, mzee ni mzima?"

Zamda akaanza kuosha kikombe kilichokuwa safi. "Kama una shaka, omba daktari mwingine."

"Wiki hii ya kuthibitishwa? Si bora niache kazi kabisa?"

"Basi mimi sina la kusema, kaka."

Na wazo moja baya lilipita vichwani mwa wale wawili: nafasi ni moja, na mwalimu asiye na sauti hashindani na mtu. Walilifukuza upesi. Lakini lilipita, na waliliungama wenyewe baadaye. Naye Lugano hakuwaambia lile swali la mwanafunzi. Kila mmoja alishika kipande chake cha ukweli mkononi, mkono ukabaki mfukoni.

Asubuhi ikafika. Lugano akalazwa mezani chini ya taa kubwa. Profesa akaingia ameinua mikono, maji yakimchuruzika kwenye viwiko.

"Unaogopa, Daktari?"

"Siogopi, Profesa."

Ndilo neno la mwisho alilolisema kwa sauti yake, na lilikuwa uongo.

Nusukaputi ikamchukua. Mzee akakata. Tumsifu, upande wa pili wa meza, akaona ncha ya kisu inakwenda nyuma, inakwenda kwenye ule uzi.

"Profesa..."

"Nini?" Macho ya mzee yakamtazama, au yakatazama pale alipodhani yupo.

"Hakuna kitu, Profesa."

Nje ya mlango Zamda alikuwa amefika, mkono uko kwenye kitasa. Aliposikia "hakuna kitu" alimshukuru Mungu, akaondoka zake.

Lugano alipozinduka aliomba maji. Ikatoka pumzi tupu. Akaomba tena, ikatoka pumzi. Muuguzi akamwambia apumzike, itarudi. Miezi ikapita, haikurudi. Akabaki kunong'ona.

Baraza la chuo likakaa. Mwenyekiti akasema, "Hatuwezi kufukuza idara nzima, wagonjwa wako foleni. Kosa hili litabebwa na mmoja. Huyo atavuliwa koti jeupe, hatalivaa tena maisha yake."

Profesa akasema, "Kisu nilikishika mimi, sikatai. Lakini mtu anayezama gizani haoni kiasi cha giza. Hawa walikuwa na macho. Nani aliniambia, mzee, basi?"

Tumsifu akasema, "Wangapi walipona kwa sababu nilikaza mafundo yake? Siku hiyo niliogopa, ndiyo. Lakini mimi niliona vidole tu. Habari za jicho nani alinieleza?"

Zamda akasema, "Alinijia kama mgonjwa. Ningeitoa siri yake, leo mngenivua koti kwa kosa hilo. Na Lugano nilimwambia aombe daktari mwingine. Ningesema nini zaidi?"

Wakamgeukia Lugano. Wakainama wasikie, maana alinong'ona. "Mimi nilionywa na mwanafunzi, nikamnyamazisha. Nilikwenda mezani kwa miguu yangu mwenyewe."

Hapo mwenyekiti, labda kwa huruma, labda kwa kutaka kuukwepa mzigo, akasema, "Daktari Lugano, uliyeumia ni wewe. Taja jina moja. Utakayemtaja, ndiye."

Lugano akasimama. Akamtazama mzee, akamtazama Tumsifu, akamtazama Zamda, ambaye alikuwa ameshika ukosi wa koti lake kwa mikono miwili. Akafungua mdomo, akataja jina.

Feni ilikuwa inazunguka. Hakuna aliyesikia.

"Sema kwa sauti, Daktari," mwenyekiti akasema, kisha akaona alichokisema, akafunika uso.

Lugano hakurudia. Akaketi. Kikao kikaahirishwa, na mpaka leo hakijaitishwa tena, na Jumatatu ya kwanza ya mwaka wahadhiri wapya bado wanasimama wakiulizwa njia yao ni ipi.

Sasa nyinyi mna sauti zenu, nazisikia mkikohoa na mkinong'onezana huko nyuma. Msiniambie mtajibu mkishathibitishwa. Je, nani alistahili kuvuliwa koti?