Lango la Tamzira

Masikio!
— Yako wazi!
Na mioyo?
— Iko tayari!
Basi sogeeni. Hadithi ya leo haina kicheko.

Hapo zamani za kale, katika mji wa jangwani ulioitwa Tamzira, palikuwa na ndugu wawili, Idhari na Sufani. Liwali wa mji aliwapora watu mbuzi, akawapora tende, akawapora hata maji ya kisima. Ndugu hao wakakusanya watu, wakamfukuza.

Mji ukapiga vigelegele. "Sufani! Sufani awe sultani wetu!"

Sufani, mdogo mtu, akacheka. "Kaka yangu yupo. Atawale yeye."

Idhari akatawazwa, ila kelele zile zilimkaa moyoni.

Asubuhi kunguru akatua dirishani. "Idhari ee, anayependwa ni nani?" Idhari akamtupia jiwe.

Kesho yake akaja. "Idhari ee, anayependwa ni nani?" Idhari akafunga dirisha.

Siku ya tatu akaja tena. "Idhari ee, anayependwa ni nani?"

"Sufani," Idhari akajibu.

"Basi mwanao hatarithi kitu." Kunguru akaruka zake.

Adhuhuri ile vumbi likatimka. Liwali amerudi na jeshi! Sufani akatoka na watu wachache kumzuia, ili kaka yake apate kuwapanga wengine. Wakalemewa, wakarudi mbio hadi langoni.

"Kaka, fungua!"

Bawabu akamtazama Idhari. "Nifungue, bwana?"

"Bado."

"Kaka, fungua! Ni mimi!"

"Bado."

"Kaka..." Safari hii sauti ikakatika.

Ndipo Idhari akafungua lango, akatoka na jeshi, akashinda.

Ijumaa jina lake likatajwa kwenye hotuba msikitini kuwa ndiye sultani. Akaenda kumpigia magoti mama yake, Bi Tamima. "Mama, nibariki. Leo nyumba yetu ni nyumba ya masultani."

"Nilizaa wawili," mama akasema. "Kamwite mwenzako, niwabariki pamoja."

Idhari akainamisha kichwa. Mama akajitanda ushungi, akatoka. Mjini Tamzira hakuonekana tena.

Ukoo wa Idhari ukatawala, wana na wajukuu na vitukuu. Lakini katika jumba lile hakuna aliyekula kabla mtumwa hajaonja, wala aliyelala bila upanga ubavuni.

Nami nimefika mwisho. Funzo lake: ukubwa ulionunuliwa kwa damu ya ndugu utaupata, ila hutakuwa na wa kula naye. Anayetaka usultani abaki hapa na mimi. Wengine nendeni mkalale na ndugu zenu.