Tundu Alilolipenda Siwema

Paukwa!
Pakawa!
Na aliyesinzia?
Mfinyeni asikie!

Hapo zamani za kale, Mama Nguchiro alikuwa amepiga magoti anafagia nyumba. Nyumba yenyewe kichuguu, mchwa walijenga wakahama. Ilikuwa na matundu manne. La kwanza lilitazama mto. La pili lilitazama shamba la mihogo. La tatu lilitazama mkwaju. La nne lilitazama mawe. Amefika nusu, vumbi limemjaa puani, mara akasikia mabawa: pururuu!

"Hodi! Hodi, Mama Kishindo!"

"Karibu, jirani. Usikanyage nilipofagia."

Alikuwa Kwale. Hakukaa. "Weka fagio chini, mwenzangu. Moto! Unapanda na upepo kutoka bondeni. Nyasi zinalia tatata, tatata! Watoto wako wapi?"

Watoto watatu walikuwa wametoka kutafuta panzi. Kishindo na Kivumo, mapacha. Na Siwema, kitindamimba.

"Asante, jirani. Ruka ukawaambie wengine."

Mama hakupiga mayowe. Aliegemeza fagio ukutani. Baba Kishindo alikuwa amelala chali; akamvuta mkia.

"Amka. Chimba udongo, tuzibe matundu."

"Yote?"

"Yote. Nyumba ikijaa moshi, tutawakaribisha wapi? Tutafungua moja moja."

"Si tufungue yote manne, tuite kwa mpigo?"

"Na moshi nao uingie kwa mpigo. Chimba, mume wangu."

Moshi ukaja. Mzito, mweusi. Macho hayakuwa na kazi tena. Likabaki sikio.

Mama akafungua tundu la kwanza. Akaita mara moja: "Kwi!" Akatega sikio. Akaziba. Akafungua la pili: "Kwi-kwi!" Akatega sikio. Akaziba. La tatu akaita mara tatu, la nne mara nne. Kisha akarudi la kwanza.

Watoto walifundishwa hivyo tangu hawajaota meno. Sikiliza duru nzima. Tundu ambalo sauti yake inakufikia vizuri, itikia hilo kabla halijazibwa. Rudisha idadi ile ile ya kwi, taja jina lako. Halafu nyamaza usikie unavyojibiwa. Usipojibiwa, ngoja liite tena, upandishe sauti kidogo.

Duru ya kwanza, kimya. Duru ya pili, kwenye tundu la kwanza, likaja jibu:

"Kwi! Kishivumondo!"

Baba akakuna kichwa. "Nani huyo? Sisi hatuna mtoto wa jina hilo."

"Ni wawili wamesema kwa pamoja." Mama akatoa pua nje. "Sijasikia jina! Kila mtu achague idadi ya pumzi za kungoja, azihesabu, ndipo aseme!"

Kishindo akachagua pumzi mbili. Kivumo akachagua tano.

"Kwi! Kishindo!"

Kimya kidogo.

"Kwi! Kivumo!"

"Nimesikia! Kishindo, njoo! Kivumo, mfuate!"

Wakaingia wanakohoa, kila mmoja akisema mwenzake ndiye aliyemharibia.

"Mtagombana mkishashiba," akasema Mama. "Mmemwona Siwema?"

Hawakumwona.

Duru ya tatu, kimya. Duru ya nne, kimya. Tatata, tatata, moto unasogea. Duru ya tano, kwenye tundu la tatu, Mama akasikia kitu chembamba, kama mbu nyuma ya ukuta. Huenda ni mtoto. Huenda ni nyasi. Akaita, "Siwema?" Upepo ukala jina. Duru ya sita, kile kitu tena, pale pale, kimejikaza zaidi, kimekwaruza.

Mama akakaa chini. Akafikiri.

Siwema hulala kando ya tundu la tatu. Asubuhi huamshwa hapo. Hata akitoka kwenye mawe ya nyuma, huzunguka kichuguu kizima ili aingilie hapo, na aliyeketi njiani humruka. Leo yuko upande mwingine. Sauti ya tundu la tatu inamfikia mabaki tu, naye ameing'ang'ania. Anamaliza koo lake bure.

Mama akachota udongo kwa mikono miwili. Akaziba tundu la tatu. Akashindilia.

"Tundu hili haliiti tena leo."

"Mama Kishindo!" Baba akaruka. "Ndilo analolijua!"

"Ndiyo maana."

"Akidhani tumemwacha?"

Mama akarudi kwenye tundu la kwanza.

Kwi! Akaziba. Kwi-kwi! Akaziba. Ilipofika zamu ya tundu la tatu, akanyamaza. Alinyamaza pumzi tatu nzima, na pumzi tatu hizo zilikuwa ndefu kuliko siku. Kisha la nne: Kwi-kwi-kwi-kwi!

Hakuna.

Akaanza tena. La kwanza. La pili. Kimya cha la tatu. La nne: "Kwi-kwi-kwi-kwi!"

"Kwi-kwi-kwi-kwi! Siwema!"

Karibu! Karibu kama mtoto aliye jikoni.

"Nimekusikia, Siwema! Njoo!"

Akaja mbio, ncha ya mkia inafuka. Mama akamdaka shingoni, akamvuta ndani. Baba akaziba. Vuuuu! Moto ukapita juu ya kichuguu, ukaenda zake.

Jioni hapakuwa na haja ya kuwinda. Nje panzi walikuwa wamejichoma wenyewe, wakavu, wanalia kachu-kachu mdomoni. Mama akapakua. Akahesabu, kwa sababu hakuna anayekula kwake kabla ya kuhesabiwa.

"Kishindo?"

"Nipo."

"Kivumo?"

"Nipo."

"Baba yao namwona, ameshatia mkono. Jirani Kwale?"

"Nipo, na sikukanyaga ulipofagia."

"Siwema?"

"Nipo, ila nimenuna. Mbona ulifunga mlango wangu?"

"Mlango wako ni pale ninapokusikia," akasema Mama, akamwekea panzi mnono kuliko wote. "Kula."

Basi, wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: itikia sauti inayokufikia vizuri leo, siyo ile uliyoizoea jana. Na ukishaitika, nyamaza usikie unavyojibiwa.

Hadithi yangu imefika mlangoni, nami nauziba. Kila mtu na sahani yake, akaoshe.